Bibi Leokadia Yuko Mstari wa Nne

Mapendo, mama,

Usianze kucheka mwandiko. Najua umefanana na kuku aliyepita kwenye majivu. Mimi shule niliishia darasa la tano, tena hilo la tano sikulimaliza, mwalimu ndiye aliyenimaliza mimi. Na wewe Kiswahili unakisikia vizuri kabisa ila ukiulizwa unajibu Kiingereza. Kwa hiyo leo tumekutana nguvu sawa: mimi sijui kuandika, wewe hujui kusoma. Soma kwa sauti, polepole, utanisikia.

Niko ndani ya vani, kwenye maegesho ya kungojea wasafiri hapa uwanja wa ndege. Ndege ya mteja wangu imechelewa, na yeye ana masanduku manane na kiti cha magurudumu cha mama yake, kwa hiyo siwezi kuondoka. Sasa hivi ni saa tisa mchana. Kesho alfajiri wewe unaondoka kwenda Thunder Bay kuanzisha kanisa. Nimeona nikisubiri kukuambia kwa mdomo nitatania, wewe utacheka, mama yako atasema "Nyinyi wawili!", na asubuhi itafika hatujasema kitu. Tumeishi hivyo miaka ishirini na minne. Leo nimekamata kalamu.

Habari za koti, za mafuta ya gari, za kutopokea simu ukiendesha, siandiki. Mama yako ameshazisema mpaka hata kuta za jengo letu hapa Dixon, Toronto, zimezishika kwa kichwa. Nilipotoka nyumbani alikuwa anakanda unga wa mandazi ya safari yako. Nikamwambia naenda kumwandikia mtoto barua. Akanitazama, mikono imejaa unga, akasema: "Mwandikie. Usimhubirie. Mhubiri ni yeye."

Bon, sawa. Sihubiri. Nataka kukuambia jambo nililosikia Jumapili jikoni, na jambo nililofanya mimi wakati wewe una miaka saba. Ni jambo moja hilohilo, ndiyo maana nimekosa usingizi.

Jumapili, kanisa lilipomaliza kuwaombea wewe na mwenzako wa safari Anociata, watu wamewawekea mikono, akina mama wamelia, nilienda nyuma kutafuta chai. Mlikuwa jikoni nyinyi wawili. Sikuwa najificha, mtu mwenye tumbo kama langu hawezi kujificha nyuma ya mlango. Nilimsikia Anociata anauliza. Zile familia sita zilizoenda kule kufanya kazi, zile zinazowangoja, Jumapili ya kwanza nani atamchukua nani? Nani ana ufunguo wa ile sebule tutakamosalia? Watoto watakaa wapi? Alikuwa na karatasi yake, amepiga mistari kwa rula. Na wewe ukamwambia: "Anociata, kama unataka kuandika kila kitu, baki hapa. Mimi naenda kufanya kazi ya Mungu, siendi kufungua ofisi. Mungu hana daftari."

Yeye alikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Wewe ukatoka. Ulinipita pale mlangoni ukadhani nimesimama kwa ajili ya chai.

Jumatano nikakutana na mama yake Anociata kwenye duka la ndagala. Alikuwa amewashika wale samaki anawanusa, aliponiona akawaweka chini.

"Eh, Papa Mapendo! Naambiwa binti yako ameshakuwa mtume wa kumi na tatu. Anasafiri na malaika, watu wamemchosha."

"Mama, vijana wamegombana kidogo tu."

"Kidogo? Anociata ameaga kazini. Amepata kazi nyingine kule, kwa ajili ya kumfuata wako. Sasa begi lake liko mlangoni, tunaliruka kama kizingiti. Nikimwambia alifungue, anasema bado. Bado nini? Wewe ndiye baba, niambie, bado nini?"

Nilinunua ndagala ambao sikuwahitaji. Ndio wale mama yako alioniuliza nimewatoa wapi.

Sasa sikiliza. Yale maneno uliyomwambia Anociata, "Mungu hana daftari", unajua umeyatoa wapi? Hukuyatoa kwenye Biblia, nimemuuliza mchungaji. Umeyatoa kwangu. Ulikuwa umekaa mstari wa mbele, umevaa viatu vyekundu vilivyokubana, na baba yako alikuwa amesimama mbele ya watu anamwambia rafiki yake hivyohivyo. Watu wote wakacheka. Na wewe ulicheka, kwa sababu baba ni mtu wa kuchekesha. Nimekuachia urithi mbaya, mama, nami nataka kuuchukua kabla hujaupakia kwenye gari.

Rafiki mwenyewe ni Silvestre. Wewe unamjua kama mzee anayesimama mlangoni pa kanisa na simu, anatia alama majina, anaguna. Mimi namjua tangu kambi ya wakimbizi. Kule kambini Tanzania yeye ndiye aliyekuwa anaandika orodha ya mgao wa unga kwa mtaa wetu. Sisi vijana tulimwita Bwana Kalamu. Tulimtania sana, alikuwa anatembea na daftari mpaka chooni. Siku moja nikamuuliza, wewe Silvestre, huchoki? Akasema: "Jina likiruka kwenye karatasi hii, kuna nyumba haitawasha moto wiki mbili. Wewe ukiliruka unasema samahani. Wao wanakula nini, samahani?" Nilicheka. Nilikuwa na miaka kama yako.

Tulipokuja huku, yeye alifika Weston kabla yangu. Tulianza kusali kwenye sebule yake, watu kumi na mmoja na watoto. Mimi nilikuwa na mdomo na vani. Yeye alikuwa na daftari. Tulifaana kama fufu na sombe, ugali na mboga yake. Mimi nilikuwa napita madukani, kwenye vituo vya basi, hospitali, popote nikisikia mtu anasema Kiswahili au Kirundi, namshika: "Jumapili unasali wapi? Nakuja kukuchukua!" Nikimaliza kuahidi, Silvestre anaandika: jina, jengo, ghorofa, ana watoto wangapi, kiti cha mtoto kipo au hakipo, anaweza ngazi au hawezi. Jumamosi jioni ananipigia. "Kesho unaanza na nani?" Mimi nasema naanza na yeyote. Yeye anasema hapana, unaanza na mwenye watoto kwa sababu wanachelewa, unamaliza na mzee kwa sababu hatakiwi kungoja kwenye baridi.

Miaka miwili tulienda hivyo, na kanisa likajaa. Hapo ndipo nilipoharibika. Watu wakaanza kuniita mtumishi. Mapendo, hakuna kitu kitamu kama kuitwa mtumishi na mtu ambaye jana alikuita dereva. Nikaanza kuona ule ujazo ni wangu. Nikaona Silvestre ananirudisha nyuma na maswali yake. Nani ataleta spika, nani atafungua ukumbi, kama theluji ikianguka tunafanyaje. Nilikuwa namjibu, "Tutaona." Yeye anasema, "Nani ataona?"

Basi tulipopata ukumbi wa shule kwa mara ya kwanza, ile ibada kubwa, na wageni wa makanisa mengine wamealikwa, tulifanya kikao. Silvestre akasimama na daftari aanze kusoma mpango wa magari. Mimi nikamkata mbele ya watu wote. "Ndugu Silvestre, keti, babu. Mungu hana daftari. Roho akituma, tunaenda!" Wakacheka, wakapiga makofi. Silvestre alifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga mlango ili asimwamshe mtoto. Akakaa. Nami nilidhani nimeshinda.

Ile Jumamosi kabla ya ibada, nikapata kazi ya kuhamisha vitu vya familia moja. Nikatoa viti vyote vya vani ili kabati liingie, nikaviweka sebuleni kwetu. Unakumbuka? Ulivichezea, ulikuwa rubani. Asubuhi ya Jumapili nikawasha gari, nafika mtaa wa kwanza, mama mmoja na watoto wake watatu wanafungua mlango, ndani hamna hata kiti kimoja. Mkeka tu na kamba. Yule mama akaniuliza: "Mtumishi, tunapanda au tunapakiwa?"

Nilicheka sana. Nikarudi mbio nyumbani, nikafunga viti vinne, vingine boliti zilipotea. Kwa hiyo safari zikawa nyingi. Nikaenda, nikarudi, nikaenda, nachukua nani sijui, nimeacha nani sijui, kichwani naimba. Ilikuwa Februari. Baridi ile ya kukausha mate mdomoni. Saa nne nikaona ukumbi umejaa, nikasema Mungu mkubwa, tumemaliza, nikapanda jukwaani.

Bibi Leokadia hukumjua wakati ule. Alikuwa mjane kutoka Burundi, anaishi peke yake ghorofa ya saba kule Weston, Kiingereza anajua neno moja, nalo ni jina la dawa yake. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu: "Bibi, saa mbili kamili uwe chini kwenye kituo cha basi, mimi sina muda wa kupanda lifti." Nilisema hivyo. Sina muda wa kupanda lifti. Na yeye saa mbili kamili alikuwa pale. Alivaa kitenge cheupe chini ya koti, kwa sababu ni siku kubwa. Mkononi bakuli la maharage amelifunga kwa kitambaa ili yasipoe. Mlango wa jengo ukajifunga nyuma yake, na yeye hajui kubonyeza zile namba za kufungulia.

Silvestre alikuwa anatoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Alikuwa ndani ya basi, akatazama dirishani, akamwona Bibi pale kituoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, na neno moja sijaliongeza. Alishuka, akamwendea.

"Mama, unangoja nini hapa?"

"Namngoja Papa Mapendo. Amesema saa mbili."

"Mama, sasa ni saa nne na nusu."

Bibi Leokadia akafikiri kidogo. "Basi atakuwa yuko karibu."

Mapendo, mimi nimetukanwa sana maishani. Nimetukanwa na polisi wa nchi tatu. Hakuna tusi lililoniingia kama lile neno, na yeye hata hakutaka kunitukana. Aliniamini tu.

Silvestre alimvua glovu, akakuta vidole viwili vimekuwa vyeupe kama mshumaa. Alimpeleka kwake, mkewe akamweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, na yule bibi analia kwa maumivu huku anauliza, "Wameshaanza kuimba?" Ndiyo, Bibi. Tulikuwa tumeshaanza. Na unajua tulikuwa tunaimba nini? Habari za yule mchungaji mwenye kondoo mia, aliyewaacha tisini na tisa akamfuata mmoja aliyepotea. Mimi ndiye niliyeongoza. Nilikuwa nafunga macho.

Baadaye sana Silvestre ndiye aliyeniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia kanisa lolote. "Yule mchungaji alijuaje kwamba mmoja hayupo?" Akajijibu mwenyewe: "Alihesabu, ndugu yangu. Jioni ile alikaa chini akahesabu."

Siku ile ibada ilipokwisha, watu wanakumbatiana, Silvestre akaingia na viatu vya kazi, unga wa kiwandani bado kwenye nyusi. Nikamwita kwa furaha, "Silvestre! Umekosa moto!" Alikuja mpaka mbele, akaweka daftari juu ya kinanda, akasema: "Bibi Leokadia yuko mstari wa nne." Akageuka akaondoka. Ni mstari wa nne wa ule mpango wa magari niliomkataza kuusoma. Kwenye kinanda pakatoka sauti moja mbaya, kwa sababu daftari lilikuwa limekaa juu ya vitufe. Mpaka leo nikisikia sauti ile naruka.

Mwaka mmoja na miezi hatukusemezana. Alihamia Scarborough, upande wa pili wa mji. Na mimi nikabaki na Roho na vani yangu, na kanisa likaanza kukonda. Hakuna aliyegombana nami. Mmoja alichoka kungoja, mwingine mtoto wake alikosa pa kukaa, siku nyingine tulifika ukumbini mlango umefungwa kwa sababu kila mtu alidhani ufunguo uko kwa mwenzake. Tulisali kwenye theluji siku hiyo, mimi nikasema ni baraka. Mama yako akasema, "Baraka hii ina mafua." Tulibaki kumi na tisa.

Aliyenisukuma ni Bibi Leokadia mwenyewe. Nilikuwa nampandia lifti wakati huo, kila Jumapili, mpaka mlangoni, kama adhabu. Siku moja akanishika mkono na ile mikono yake, vile vidole viwili havina hisia mpaka leo, akasema: "Mwanangu, vidole vyangu vimeshapona. Nyinyi wawili bado. Nenda umlete."

Vani ilikuwa gereji, imekufa. Nilienda kwa mabasi, lile la pili halina mwisho, unapita majengo na maduka, majengo na maduka, unadhani umeshafika baharini. Daftari nimelishika mapajani. Nilitunga mzaha wa kuanzia. Nilikuwa nimeupanga vizuri kabisa, nimeujaribu mpaka kwenye lifti. Silvestre akafungua mlango, mzaha ukanipotea. Mimi! Nilisimama pale kama mtu aliyeleta barua ya kodi.

Akanitazama, akatazama daftari. Akasema: "Umekula?"

Tulikula maharage. Sahani zikaisha. Halafu akavuta kalamu mfukoni, akafungua ukurasa mpya. "Nani anamchukua Bibi Leokadia?"

"Mimi."

"Andika."

"Silvestre, unajua mwandiko wangu."

"Andika mwenyewe. Ukisema nitaandika mimi, kesho utasema ni daftari langu."

Nikaandika. Ilinichukua muda mrefu kuliko kula. Yote hiyo kwa jina moja na namba ya ghorofa.

Hilo daftari ndilo ulilolishika sasa, hili ninaloandikia barua. Geuza nyuma, mwanzoni kabisa, utaona. Kurasa za mbele ni mwandiko wake mzuri, na katikati kuna mstari mmoja mbaya sana, huo ni wa baba yako. Silvestre sasa anatumia simu, ana orodha yenye rangi, amekuwa mtu wa kisasa. Akaniachia hili na kurasa zake zilizobaki wazi. Nimekaa nalo miaka mingi sijui nilifanyie nini. Kumbe lilikuwa linakungoja.

Jambo jingine alilonifundisha siku ile, halafu namaliza, mteja wangu ameniandikia wameshatua. Nilimwambia, lakini Silvestre, wale wa kwanza, mitume, wao walikuwa na moto tu, hawakuwa na mipango. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, wewe unasoma Biblia kama unavyoendesha gari, unaruka vituo. Kanisa lile la kwanza kabisa, halijazoea hata kutembea, kuna wajane walikuwa wanarukwa kwenye mgao wa chakula. Wajane! Bibi Leokadia wa siku zile. Na mitume hawakusema tuimbe zaidi. Waliona kazi imewazidi, wakaomba wachaguliwe watu saba wa kusimamia chakula, watu wenye sifa nzuri na Roho na akili. Wakawawekea mikono kwa ajili ya sahani, kama vile sisi tulivyokuwekea wewe mikono kwa ajili ya mahubiri.

Na Paulo, mimi nilikuwa namwona anatembea peke yake, fimbo mkononi, upepo kwenye ndevu. Silvestre akasema, soma mwisho wa barua zake. Pale mwisho mimi nilikuwa naruka siku zote, ni majina tu, msalimie fulani, msalimie fulani, yule mama aliyemsaidia, mume na mke walioshona naye mahema. Nikadhani ni kama yale majina yanayopita sinema ikiisha, watu wanatafuta viatu. Akasema: "Hiyo ndiyo sinema."

Hata Paulo alimkosea mtu, Mapendo. Yule kijana Marko aliwahi kuwaacha njiani, na Paulo akakataa katakata kusafiri naye tena, mpaka akagombana na Barnaba, kila mtu akaenda njia yake. Lakini Paulo alipozeeka, yuko kifungoni, akaandika wamlete Marko, kwamba anamfaa. Sijui kati hapo kulitokea nini. Haikuandikwa. Mimi nafikiri kuna mtu alipanda basi refu.

Wewe una kipawa. Sisemi kwa sababu ni baba. Ukisimama kuongea, hata wale wanaume wanaolala tangu sala ya kwanza wanafungua jicho. Kipawa hicho ni changu, nakijua kinavyofanya kazi: kinamleta mtu mara ya kwanza. Mara ya pili analetwa na yule anayekumbuka ghorofa yake. Anociata alikuwa anakuuliza nani atamchukua nani. Mimi nilisikia anauliza nani atasimama kwenye baridi.

Jana nilichukua simu nimpigie Anociata. Nilishafika kwenye jina lake. Nikaiweka chini. Si mimi niliyesema, na samahani ya kutumwa haina ladha. Nikiingia mimi, mtakuwa mnasafiri na tumbo langu katikati yenu njia nzima.

Kwa hiyo nimefanya kazi ninayoijua. Leo asubuhi ulipokuwa umeenda kuaga kazini, nimepakia gari lako. Nimehamisha nyumba za watu miaka kumi na saba, hakuna mtu Toronto nzima anayepanga kigari kidogo kama mimi. Godoro nimelifunga juu. Nguo zako ziko nyuma, kulia. Nyuma kushoto nimeacha nafasi ya begi moja, la ukubwa wa kawaida. Kinanda kimelala vizuri, usikiguse. Ile sufuria kubwa ya mama yako ya kupikia watu arobaini imebaki hapa. Amekasirika. Nilimwambia haikuenea. Ingeenea, mama, kama ningeiweka kiti cha mbele. Lakini Anociata anayo yake, kubwa kuliko yetu, mama yake anajisifu nayo kila harusi.

Kiti cha mbele hakina kitu. Nimekisukuma nyuma kidogo, kwa sababu yeye ana miguu mirefu. Katikati kuna termosi ya chai na vikombe viwili. Nyumbani kwao Weston ni dakika kumi kutoka kwetu, na ni upande huohuo unaoelekea barabara ya kaskazini, hutazunguka. Mama yake huamka saa kumi.

Ukitaka kiti hicho kukiwekea mashuka na viatu, ni gari lako, weka. Sitauliza. Nitasimama pale chini asubuhi, nitatania, utacheka, mama yako atasema "Nyinyi wawili!"

Lakini ukienda kule, panda lifti. Usimwambie ashuke chini.

Mteja anapunga mkono, na masanduku si manane, ni kumi na moja. Tutaona. Hapana, ngoja: nani ataona? Mimi. Naandika.

Baba yako,
dereva